Nani Anayechora Kwenye Kioo Chako?

Barua nyingi za safari hii zina kilio kimoja: nimeweka Linux (mfumo huria wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows), kompyuta ilikuwa nyepesi, sasa imekuwa nzito, na nimeambiwa ninunue kadi nyingine ya michoro. Inaniuma kuona watu wakitoa pesa za jasho lao kununua kadi wakati ile waliyo nayo ni nzima. Kabla pesa haijatoka mfukoni, ulizeni swali moja: ni nani hasa anayechora kile mnachokiona kwenye kioo? Nimechagua barua tano. Someni na za wenzenu, huenda jibu la mmoja likamfaa mwingine.

Salaam aleikum, Fundi. Mimi ni mhariri wa video za harusi hapa Majengo. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba yenye kadi ya GTX 1060, na nimeweka Linux Mint. Ilikuwa inaenda vizuri sana. Juzi nilikubali masasisho yote, nikaizima, na nilipoiwasha asubuhi mambo yamebadilika. Nikiburuta dirisha linanifuata kwa kukatikakatika. Skrini ya pili haiwaki. Feni ya prosesa inavuma hata nisipofanya lolote. Jirani yangu mwenye duka la kompyuta anasema kadi imeungua. Nina video ya harusi ya Kizingo ambayo wenyewe wanaitaka Ijumaa. Ninunue kadi nyingine?

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usinunue kitu. Kadi iliyoungua hukuonyesha kioo cheusi, au michirizi na vidoa vya rangi tangu unapowasha. Yako inatoa picha safi, ila inaitoa kwa taabu, na taabu yenyewe imeanza siku ya masasisho. Hapo wa kushukiwa ni draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kadi.

Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike `glxinfo -B`. Ikisema haiijui amri hiyo, weka kwanza kifurushi chake kwa `sudo apt install mesa-utils`. Kisha tafuta mstari wenye maneno OpenGL renderer. Kwa kadi yako majibu ni matatu.

Ukiona jina la NVIDIA GeForce GTX 1060, basi draiva ya kampuni yenyewe iko kazini na tatizo liko kwingine. Ukiona NV136, inayochora ni nouveau, draiva huria iliyoandikwa na watu waliozichunguza kadi hizi kwa miaka bila kupewa michoro ya ndani. Kazi yao naiheshimu sana. Lakini kuanzia kadi za mfululizo wa 900, NVIDIA iliweka kufuli: kadi haikubali programu yake ya ndani isipokuwa ina saini ya kampuni, na bila programu hiyo nouveau haiwezi kuipandisha kadi mwendo. Kadi inabaki kwenye kasi ile ndogo ya kuwakia. Mfululizo wa 10, ambao ndio wako, umo ndani ya kufuli hilo. Wenye GTX 16 na RTX wamepata nafuu, kwa kuwa kadi zao zina prosesa ndogo ya ndani inayosimamia mwendo, na keneli (kiini cha Linux) toleo la 6.7 iliyotoka Januari 2024 iliipa nouveau njia ya kuitumia.

Jibu la tatu ndilo ninalolihofia kwako: llvmpipe. Ukiliona hilo, jua kadi haichori chochote. Prosesa ndiyo inayopiga hesabu ya kila nukta kwenye kioo, juu ya kazi zake nyingine zote. Ni kama kumwachia mpishi wa biriani awagawie wageni sahani peke yake huku sufuria ziko motoni. Ndiyo maana feni ya prosesa inavuma ukiwa umekaa tu, na ndiyo maana skrini ya pili imelala.

Imefikaje hapo? Draiva ya NVIDIA hujengewa moduli mpya, kile kipande kinachoingia ndani ya keneli, kwa kila keneli. Masasisho yalikuletea keneli mpya, na programu iitwayo DKMS ilitakiwa ijenge moduli yake. Ikikosa faili za vichwa (headers) vya keneli hiyo, ambazo ndizo vifaa vya ujenzi, inashindwa, na mara nyingi inashindwa kimya bila wewe kujua. Sasa, ulipoweka draiva ya NVIDIA mara ya kwanza, kifurushi chake kiliifungia nouveau mlango ili zisigombane. Kwa hiyo moduli ya NVIDIA haipo, nouveau imezuiwa, na mzigo wote umemwangukia prosesa.

Hakikisha kwa amri mbili. `uname -r` itakutajia keneli unayoitumia sasa. `dkms status` itaorodhesha keneli ambazo moduli ya nvidia imejengwa kwa ajili yake. Ile ya kwanza ikikosekana kwenye orodha ya pili, umeshampata mwizi.

Lakini kwanza okoa Ijumaa yako. Zima na uwashe, ubonyeze Esc au ushikilie Shift mpaka menyu ya GRUB, ile ya kuchagua cha kuwasha, itokee, uingie kwenye Advanced options na uchague keneli ya zamani, ile ya kabla ya masasisho. Moduli yake bado ipo. Kompyuta itarudi kama ulivyoizoea. Hariri harusi ya watu, uwakabidhi, ndipo urudi kwenye matengenezo.

Matengenezo yenyewe si marefu. Ingia kwenye keneli mpya, andika `sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`, halafu `sudo dkms autoinstall`, halafu uwashe upya. Andika `nvidia-smi`. Ikikuonyesha jedwali lenye jina la kadi na joto lake, umepona.

Ikisema haikuweza kuwasiliana na draiva, ilhali `dkms status` inadai moduli ipo, kuna mlango mmoja zaidi. Andika `mokutil --sb-state`. Ukiambiwa Secure Boot, ulinzi unaokubali programu zenye saini tu wakati wa kuwaka, imewashwa, keneli inaikataa moduli kwa sababu haiujui ufunguo uliotumika kuitia saini. Andika `sudo update-secureboot-policy --enroll-key`, uweke nywila ya herufi na tarakimu za kawaida, na uwashe upya.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo kaa mbele ya kompyuta usiondoke. Kitatokea kioo cha buluu, chenye maandishi meupe yanayokutaka ubonyeze kitufe chochote ili uingie kwenye usimamizi wa MOK (funguo za mwenye kompyuta), na chini yake sekunde 10 zinahesabiwa kurudi nyuma. Zikiisha hujabonyeza, kompyuta inaendelea kuwaka kana kwamba hukuomba kitu, na ufunguo haujaingia. Bonyeza, chagua Enroll MOK, kisha Continue, kisha Yes, uandike ile nywila. Watu wanakwenda kumimina kahawa wakati huo, wakirudi wanasema Linux imewashinda.

Mambo mawili kabla sijakuachia. Ukifungua Driver Manager ya Mint, chagua tawi (mfululizo wa matoleo ya draiva) la 580. Ndilo la mwisho linalozihudumia kadi za mfululizo wa 900 na wa 10, na matawi ya juu yake hayaitambui kadi yako kabisa. Na tafadhali usipakue lile faili la .run kwenye tovuti ya kampuni ukalipachika juu ya vifurushi vya Mint. Faili hilo linaandika juu ya maktaba zilizowekwa na apt, programu ya Mint ya kuweka vifurushi, apt haina habari, na sasisho linalofuata linavuruga kila kitu. Nakusihi sana juu ya hili, kwa maana ni kompyuta nyingi zinaletwa kwangu zimeharibika hivyo.

Kisha, ukitoa video kwenye programu ya kuhariri ya Kdenlive, chagua wasifu wenye NVENC, kadi ndiyo ifanye kazi ya kubana picha na prosesa ipumzike. Kama Kdenlive yako ni ya Flatpak, ile njia ya kusakinisha programu kando na apt, kila draiva inapobadilika andika `flatpak update`, kwa sababu Flatpak ina nakala yake ya maktaba za NVIDIA na lazima toleo lake lilingane na draiva ya mfumo.

Fundi, nimepata kadi ya RX 580 na ninatumia Linux ya Debian. Nipakue draiva gani kutoka kwa AMD? — Msomaji, Mikindani

Usipakue yoyote. Draiva ya amdgpu imo ndani ya keneli, na sehemu ya michoro imo ndani ya Mesa, mkusanyiko huria wa maktaba za michoro. Vyote vinakuja na Debian yako. Kitu kimoja tu cha kuangalia: kifurushi cha `firmware-amd-graphics`. Kuanzia Debian 12 ya mwaka 2023 kisakinishi kinakiweka chenyewe, lakini matoleo ya nyuma yalikiacha nje, na bila hicho utaangukia kwenye ile llvmpipe niliyomweleza mwenzako wa Majengo. Na hakikisha waya wa umeme wa kadi umechomekwa kutoka kwenye pawasaplai, maana RX 580 inakula wati 185 na tundu la bodi kuu linatoa 75 tu.

Fundi, hujambo? Nilimnunulia mwanangu kadi ya GTX 1050 Ti ya GB 4 kwa shilingi 6,500 kutoka kwa mtu anayeuza mtandaoni. Tuliipokea kwenye feri. Kwenye Windows inasomeka 1050 Ti, lakini gemu zinakwama. Tukaweka Linux, na draiva ya NVIDIA inakataa kabisa. Muuzaji anasema kosa ni la Linux. Kijana amevunjika moyo. — Baba, Likoni

Sijambo, mzee mwenzangu. Pole, na mfikishie kijana pole zangu. Nashuku kwamba kadi hiyo si 1050 Ti, na Linux inakataa kwa sababu imeona ukweli.

Kuna watu wanachukua kadi za zamani, nyingi zikiwa GTS 450 ya mwaka 2010 au GTX 550 Ti ya 2011, wanabadilisha programu ndogo iliyo ndani yake ili ijitangaze kwa jina la kadi ya mwaka 2016. Windows inalisoma jina hilo na kuliamini. Hata kumbukumbu inadanganywa: inaandika GB 4, kumbe ndani iko moja, na gemu likitaka zaidi ya hiyo linaganda.

Mwambie kijana aandae Linux Mint kwenye flashi na aiwashe kompyuta kutoka hapo, bila kusakinisha. Ile nouveau itajipakia yenyewe. Kisha aandike `sudo dmesg | grep -i nouveau`. Nouveau haiangalii jina lililobandikwa. Inauliza chipu yenyewe. Katika mistari ya mwanzo utaona neno NVIDIA likifuatwa na herufi mbili na tarakimu. 1050 Ti ya kweli inasema GP107. Ikisema GF106 au GF116, umeuziwa kadi ya zamani iliyobatizwa. Draiva za sasa za NVIDIA haziijui chipu hiyo kabisa. Tawi la mwisho lililoihudumia ni 390, na kampuni iliacha kulishughulikia mwaka 2022.

Hata kabla ya kuwasha, geuza kadi uangalie matundu yake. Chipu za mfululizo wa 10 hazitoi VGA. Ukiona tundu la buluu la VGA kwenye kadi inayoitwa 1050 Ti, karibu siku zote ni ya uongo.

Piga picha kioo kikiwa na mstari huo wa GF, umpelekee muuzaji na udai pesa yako. Usibishane naye habari za Linux na Windows, mwonyeshe mstari tu. Na siku nyingine, nenda na flashi kwenye kukabidhiana, ukubali kulipa baada ya kuona. Muuzaji mwaminifu hakatai kitu cha dakika chache. Anayekataa amekwisha kukujibu.

Shikamoo Fundi. Nasomea uhandisi hapa Tudor. Kipakatalishi changu kina Intel na NVIDIA GTX 1650 pamoja, Linux ya Ubuntu, draiva imekaa vizuri na nvidia-smi inafanya kazi. Lakini Blender, programu ya michoro ya 3D, ni nzito, na nikipima kwa glxgears napata 60 tu. Nimekosea wapi?

Marahaba, mwanangu. Hiyo 60 iache kabisa. Glxgears inasubiri kioo chako, na kioo kinajichora mara 60 kwa sekunde. Hata kadi ya bei ya gari ingekupa 60. Hiyo programu inathibitisha tu kwamba picha inachoreka, haipimi nguvu.

Shida yako ni kwamba kwenye kipakatalishi cha kadi mbili, Intel ndiyo inayochora kila kitu mpaka uombe vingine. Andika `prime-select query`. Ikijibu on-demand, iache hivyo, betri itakushukuru. Lakini Blender uiite hivi:

`__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia blender`

Jaribu kwanza kwa kuweka `glxinfo -B` mahali pa blender, uone jina la mchoraji likibadilika kutoka Intel kwenda NVIDIA. Ndani ya Blender nenda kwenye mapendeleo, sehemu ya System, uiwashe kadi chini ya Cycles (kitoa picha cha Blender), kisha kwenye mandhari yako uchague GPU Compute. Wanafunzi wengi wanafanya nusu ya kwanza na kusahau hii ya pili, halafu prosesa inatoa picha usiku kucha wakati kadi imekaa bure.

Nikuongezee jambo ambalo hukuuliza. Intel haina kumbukumbu yake, inakopa RAM ya kompyuta. Andika `sudo dmidecode -t memory` uone vijiti vimekaaje. Kama kuna kijiti kimoja na tundu jingine liko wazi, kuongeza cha pili kunafungua njia ya pili ya data, na kazi zote za Intel zinakuwa nyepesi. Kijiti ni nafuu kuliko kadi yoyote.

Fundi, salaam. Nina ukumbi mdogo wa gemu Kibokoni, kompyuta nne zenye GTX 1060, zote Linux. Watoto wakianza kucheza ni raha, lakini kwenye nusu saa hivi picha zinaanza kuruka. Nikizima zikapumzika, zinarudi vizuri. Msimu wa kusi nilikuwa na afadhali. Draiva nimeshaibadilisha na haikusaidia. — Mama wa ukumbi

Salaam, mama. Umeshaandika jibu kwenye barua yako: nusu saa, kupumzika, na msimu. Hapo draiva haina kosa. Ni joto.

Fungua terminali pembeni gemu likiendelea, uandike `watch -n 1 nvidia-smi`. Angalia safu ya joto. Ikipanda ikafika nyuzi 80 na ushei, na picha zikaanza kuruka hapo hapo, umeona kwa macho yako. Kwa uthibitisho andika `nvidia-smi -q -d PERFORMANCE` utafute mstari wa SW Thermal Slowdown. Ukisema Active, kadi inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Inajilinda, na inafanya vizuri.

Hewa yetu ya Mji wa Kale ina unyevu na chumvi, na vumbi lake halikai kikavu. Linashikana kuwa utando mzito kati ya mapezi ya chuma ya kupoozea, mpaka upepo wa feni haupiti tena. Ukichungulia kwa tochi kupitia feni ya kadi utauona, wa kijivu, umelala juu ya mapezi kama kitambaa. Zima umeme, itoe kadi, ushikilie panga za feni kwa kidole zisizunguke, uondoe utando kwa brashi laini ya rangi. Kwa kadi za umri huu naona pia ufungue na ubadilishe ile pesti iliyo kati ya chipu na chuma, kwa maana imeshakauka. Kama hujawahi kuifungua kadi, mpe fundi aifanye mbele yako.

Kisha tazama kompyuta zimekaa wapi. Kumbi nyingi huzifungia kwenye makabati chini ya meza ili watoto wasiziguse, na makabati yamezibwa nyuma, hayana hata tundu. Hewa ya moto inatoka kwenye kompyuta na kurudi kwenye kompyuta. Toa ubao wa nyuma wa kabati, hiyo haikugharimu shilingi.

Na kwa msimu wa kaskazi, mpaka Machi, iwekee kadi kikomo cha umeme. GTX 1060 kwa kawaida inakula mpaka wati 120. Andika `sudo nvidia-smi -pl 95`. Kasi itashuka kidogo tu, watoto hawataiona, lakini joto litashuka kwa namna ya kuonekana, na bili ya stima nayo. Kikomo hicho kinafutika kila ukizima kompyuta, kwa hiyo mwambie kijana anayekusaidia akiweke kwenye huduma ya systemd, inayoendesha kazi kompyuta inapowaka, kiwe kinajipanga chenyewe asubuhi.

Anza na kompyuta moja kati ya nne, usizifungue zote siku moja. Cheza gemu lile lile kwa nusu saa ile ile, kabla ya kusafisha na baada yake, na uniandikie nyuzi zilisoma ngapi mara zote mbili.